Mwasumini wa Nyua za Kibokoni

Saa ya Magharibi harufu ya Kibokoni hubadilika. Mchana kutwa mtaa hunuka mambo ya mchana: moshi wa pikipiki na tuktuk, bizari inayosagwa, nguo mbichi zilizoanikwa kwenye roshani, na maji yakikupwa, tope la bahari linaloletwa na upepo kutoka upande wa Bandari ya Kale. Jua likishuka huja moshi wa makaa, kwa kuwa wauza mishkaki na viazi vya karai wamekwisha kutandika meza zao kwenye pembe za njia. Kisha mtu akipita taratibu mbele ya baadhi ya milango, wala si milango yote, hukutana na harufu nyingine isiyotoka jikoni wala chetezoni. Haonekani mwenye nayo. Mmea wenyewe uko ndani, nyuma ya ukuta wa mawe, katika ua ambao mpita njia hauoni. Ni mwasumini unafungua maua yake.

Msimu wa kaskazi uliopita nilizunguka mtaa huu jioni nyingi nikiwa na kusudi moja: kujua ni nyumba ngapi bado zina mti huo. Nilibisha hodi kwa watu ninaowajua, nao wakanipeleka kwa wasionijua, na kila nyumba niliketishwa, nikapewa kahawa au maji ya ukwaju, kisha nikaonyeshwa mti au nikaonyeshwa mahali ulipokuwa. Mahali ulipokuwa palikuwa pengi kuliko miti yenyewe. Vidole vya mikono miwili vilinitosha kuhesabu iliyobaki.

Wageni wanaokuja Mji wa Kale huandika sana juu ya milango yetu na roshani zetu za mbao. Hupiga picha Ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Huonyeshwa Msikiti wa Mandhry na kuambiwa kwamba umekuwepo tangu karibu mwaka 1570. Hupita Ndia Kuu wakatoka. Juu ya mimea hawaandiki neno, na si kosa lao. Kibokoni kwa macho ya mpita njia haina mimea. Nyumba zimesogeleana hata majirani wawili huweza kupeana chumvi dirishani, na njia zenyewe ni za mawe na saruji. Kijani cha mji huu kiligeuzwa kikatazama ndani. Nyumba ya mawe ya zamani, yenye kuta nene za matumbawe na chokaa na dari za boriti za mikoko, ilijengwa kuzunguka mahali peupe palipo wazi juu, ambapo jua na mvua viliingia bila ya jicho la mtu kuingia. Hapo ndipo wanawake walipopepetea mchele, walipofua, walipokaushia nywele, na hapo ndipo walipopanda. Kiswahili chetu, kwa bahati au kwa hekima, kimeliita jina moja ua wa nyumba na ua la mti. Wingi tu ndio unaozitenganisha: nyua na maua.

Mwasumini ni kichaka kisichopukutisha majani. Huo ndio uzuri wake wa kwanza, hata kabla ya maua. Mkungu wa ng'ambo ya ukuta huvua majani yake mekundu na kuyaacha yatapakae njiani. Mwasumini hubaki kijani kaskazi na kusi, masika na vuli, mwaka kwa mwaka. Ukiachwa ujiendee hurefuka hadi mita mbili au tatu, matawi yake membamba yakiinama na kuegemea chochote kilicho karibu, ukuta, kamba ya nguo, hata mlango wa msala. Si mtambazi wa kweli wenye vikonyo vya kushikilia, wala si mti wa kusimama wima. Ni kitu cha katikati, na ndiyo maana kila nyumba huufanya umbo lake: nimeuona umekatwa ukawa mviringo kama kofia, na nimeuona umefungwa kwenye nguzo ukapanda hadi ghorofa ya kwanza.

Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, na pengine matatu kwenye fundo moja. Ni ya duara lililochongoka, marefu kiasi cha kidole, ya kijani kiza yenye kung'aa juu, na kingo zake hazina meno. Kikonyo chake ni kifupi mno. Matawi machanga yana vinyweleo laini ambavyo mtu huvihisi kwa kidole kabla ya kuviona. Kwenye ncha za matawi hayo machanga ndiko hutoka vitumba, vitatu, vitano, au zaidi katika kishada kimoja, vyeupe, vimefungana kama lulu, kila kimoja kimeketi katika kikombe cha kijani chenye nyuzi nyembamba kama kope. Ua likifunguka huwa na petali tano hadi tisa. Ziko aina zenye petali nyingi zilizopangana safu juu ya safu mpaka likafanana na waridi dogo. Rangi yake ni nyeupe tupu. Asubuhi inayofuata, likianza kuchakaa, huingia wekundu hafifu wa zambarau pembeni, kama kitambaa cheupe kilichofuliwa pamoja na cha rangi, kisha huanguka.

Jambo ambalo kila mwenye mti analijua, na ambalo kila mgeni hulistaajabia, ni kwamba ua hili hufunguka usiku. Alasiri bado ni kitumba kigumu. Jua likizama, petali hulegea, baada ya Isha zimekwisha kutanda na harufu imejaa ua mzima, alfajiri bado ipo, imepoa, dhuha imekwisha. Maua meupe yenye kufunguka usiku ni desturi ya mimea inayoita nondo na wadudu wengine wa gizani, wanaofuata harufu na weupe. Hata hivyo mwasumini wa nyumbani ni nadra kuzaa. Matunda yake, yakitokea, ni madogo meusi, na wengi wa niliowauliza hawajapata kuyaona maishani mwao. Kila mwasumini wa Kibokoni umetokana na tawi la mwasumini mwingine, uliotokana na tawi la mwingine, kwa mikono ya watu.

Mikono hiyo ilianza mbali. Wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac, na wanasema asili yake ni upande wa mashariki wa milima ya Himalaya, Bhutan na nchi za Bara Hindi zilizo jirani nayo. Jina la pili limetokana na neno la Kiarabu zanbaq, lililokuwa likitumika zamani kwa mafuta ya asumini, na la kwanza limetoka katika Kiajemi, yasamin, ambalo sisi tumelilainisha likawa yasmini na asumini. Linnaeus aliuandika katika kitabu chake mwaka 1753 akauweka katika jamaa isiyo yake. Mwaka 1789 Aiton akauhamishia katika jamaa ya asumini unapokaa hadi leo. Jamaa hiyo ni moja na ya mzeituni. Mtu anayepekua kishada cha mwasumini hapa kwetu anashika binamu wa mti uliotajwa katika Sura ya Nuru.

Kutoka huko ulienda kila upande ambako majahazi na misafara ilikwenda. Kwa jirani zetu wa asili ya Kihindi ni mogra, na akina mama wao huuvaa nywelini kama sisi. Uchina hutandazwa usiku pamoja na majani ya chai ili chai inywe harufu yake. Ufilipino waliufanya ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia nayo ikauweka miongoni mwa maua yake ya taifa mwaka 1990. Oman, ambako wengi wetu tuna shangazi na wajomba, mtoto akitimiza mwaka mmoja wenzake humzunguka wakamnyunyizia maua kichwani. Sijui ua jingine linalowaunganisha watu wengi hivyo wa Bahari ya Hindi pasipo wao kujua kwamba wameunganishwa.

Hapa ni lazima nionye, kwa kuwa wauza miche wa kando ya barabara huita kila ua jeupe lenye harufu kwa jina hili. Uko mwafu wa porini, ambao ni mwasumini halisi wa Afrika, lakini jani lake limegawika vijani vitatu, na ua lake ni jembamba zaidi. Ni mmea mzuri, ila hutambaa ukameza ukuta. Uko kichaka cha majani madogo madogo yanayonuka ndimu yakifinywa, ambacho hupandwa kuwa boma. Hicho ni jamaa ya ndimu na machungwa. Na uko ule ambao wengi huuita malkia wa usiku, wenye maua membamba ya kijani-njano kama vijiti, harufu yake nzito hata ikaumiza kichwa. Huo ni jamaa ya biringani na pilipili, si ya asumini, na matunda yake meupe ni sumu. Nyumba yenye watoto wanaotambaa isiupande. Ukitaka kuwa na hakika, tazama jani: la mwasumini ni jani zima moja, linang'aa, limeelekeana na mwenzake.

Sasa tuje kwenye kuupanda, maana Kibokoni si mahali pepesi kwa mmea huu, ingawa harufu yake yaweza kukufanya udhani umezaliwa hapa.

Joto ndilo lisilo na shaka. Mwasumini hupenda joto na unyevu wa hewa, na Mombasa ina vyote viwili kupita kiasi. Mvua yetu, kiasi cha milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka, huja kwa wingi mwezi wa Aprili na Mei na kurudi kidogo Oktoba na Novemba. Mti hukua wakati wa masika, lakini maua mengi huja joto linapozidi. Wakati wa kusi, mawingu yakiwa mengi na upepo ukivuma, hutoa maua machache na kusubiri. Ndugu zetu walio Nairobi wanaolalamika kwamba mti wao unatoa majani tu bila maua wasiulaumu mti. Baridi ya Julai ya huko si hali yake.

Tatizo ni udongo. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Chimba popote Kibokoni, na kabla ya jembe kuzama sawasawa utagonga jiwe. Na udongo uliopo umechanganyika na chokaa ya kuta zilizobomoka kwa mamia ya miaka. Mwasumini hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Katika chokaa nyingi hushindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yapo, na alama yake ni hii: majani machanga hugeuka manjano ilhali mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Wengi wakiiona hali hiyo hudhani ni kiu, wakamwagia maji zaidi, na mti ukazidi kufifia. Dawa iliyo karibu ni kuupanda katika chombo, debe, pipa lililokatwa au mtungi uliopasuka mdomo, kwa udongo mwekundu wa bara uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza na vumbi la makumbi ya nazi. Chombo kiwe na matundu chini, kwa sababu mizizi ya mwasumini haivumilii maji yaliyotuama. Nimeona miti iliyonyauka katika ndoo nzuri za rangi zilizonunuliwa kwa bei, hazina hata tundu moja.

Na maji yenyewe? Hapa kila mama wa Kibokoni ana hadithi. Visima vya kisiwa vina maji ya chumvi, na maji matamu hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, yakija siku yanapopenda. Mti unaomwagiwa maji ya kisima siku zote huungua kingo za majani, zikawa kahawia na kukauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mwanamke mmoja aliniambia kwamba huuogesha mwasumini wake kwa maji aliyooshea mchele, na mwingine huweka beseni chini ya mfereji wa paa wakati wa mvua akayatunza maji hayo kwa ajili ya mti peke yake. Njia ya pili naipendekeza kwa moyo wote. Njia ya kwanza haina madhara, na maji ya mchele ni matamu yaliyokwisha kulipiwa. Mwenye kuyamwaga mara mbili kwa kazi mbili si mbahili.

Jua linatakiwa angalau nusu ya siku. Katika ua mdogo uliozungukwa na ghorofa hilo si jambo la kupuuza: jirani akiongeza ghorofa moja, mti wako uliotoa maua miaka ishirini huacha mwaka unaofuata, na hakuna samadi itakayoulipa jua lake. Kuta hizo hizo, kwa upande mwingine, huukinga na upepo wa chumvi. Nyumba zinazotazama bahari moja kwa moja hupata tabu zaidi kuuotesha kuliko zilizo ndani ya mtaa, na nadhani ndiyo sababu Kibokoni, iliyojificha nyuma kidogo ya ukingo wa maji, ilikuwa na miasumini mizuri.

Kukata ndiko kunakowashinda wengi, kwa huruma. Mwasumini hutoa maua kwenye matawi mapya. Usiopunguzwa huwa mrefu, mgumu chini, na maua yake machache hukaa juu pasipofikika. Baada ya wimbi la maua kupita, katwa matawi yaliyochoka hadi theluthi, na uone baada ya wiki chache jinsi kila jicho linavyochipua mawili. Vikonyo vilivyokatwa visitupwe. Chukua tawi lisilo changa sana wala gumu sana, urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini na vitumba vyote, chomeka katika mchanga wenye unyevu kivulini, ufunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Baada ya mwezi au mwezi na nusu, ukilivuta taratibu na likakataa kutoka, limeota. Ukiona vijidudu vyeupe vyenye unga kama pamba vimejikusanya kwenye mafundo, angalia kwanza sisimizi, kwa kuwa sisimizi ndio wanaovibeba na kuvilinda kwa ajili ya maji matamu yanayotoka kwavyo. Maji ya sabuni kidogo, yakipakwa kwa kitambaa jioni, yatosha. Dawa za dukani zisitumiwe kwenye ua litakalovaliwa na mwanamke shingoni na kulazwa mtoto karibu nalo.

Maana ua hili linavaliwa. Halikupandwa kutazamwa tu. Kuchuma hufanywa baada ya Alasiri, vitumba vikiwa vimejaa lakini vimefumba. Huwekwa katika kitambaa kibichi au jani la mgomba, na akina mama huketi kuvitunga kwa sindano na uzi, kitumba kwa kitumba, ili koja lifunguke likiwa tayari liko kichwani au shingoni mwa mwenye kulivaa. Wengine hufunga vikuba: asumini pamoja na rehani, kipande cha mkadi, waridi, na kilua kikipatikana. Kikuba huwekwa kifuani ndani ya nguo au nyuma ya nywele. Siku ya kupambwa bibi arusi asumini humwagwa kitandani, na siku ya maulidi ya wanawake hupitishwa sinia pamoja na mrashi na udi. Wanazuoni wetu wametufundisha adabu ya manukato kwa mwanamke anayetoka nje, na ua hili kama kwamba lilizingatia adabu hiyo lenyewe: halinukii mpaka usiku uingie na milango ifungwe. Imepokewa pia katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuikataa rehani anapopewa, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni njema, na wenye kufafanua lugha wamesema neno hilo huingia kila mmea wenye kunukia. Ndiyo maana huwezi kuingia nyumba yenye mwasumini wakati wake ukatoka mikono mitupu.

Katika nyumba mojawapo nilizoingia yuko bibi mmoja wa miaka themanini na zaidi ambaye maisha yake yote ametunga vikuba, vya kuuza alipokuwa mjane mwenye watoto wadogo, na vya kugawa baadaye. Mti wake ni mkubwa kuliko yote niliyoiona, shina lake nene kama kifundo cha mguu wa mtoto. Aliupanda kutokana na tawi la nyumba ya mamake, Kuze, mwaka alioolewa. Watoto wake aliwasomesha kwa asumini. Alisema hivyo bila ya majivuno, kama mtu asemaye aliwasomesha kwa mahamri.

Mti huo utakatwa. Nyumba ni ya urithi, wenye haki ni wengi, na wamekubaliana wote kwamba ua ujengwe vyumba viwili vya kupangisha. Nilikwenda nikiwa tayari kuwahukumu. Kisha mwanawe wa kike, ndiye anayemwuguza, akanionyesha karatasi za dawa na akanihesabia. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo itakayolipia dawa za mama yao, na iliyobaki itatengeneza dari ya chumba chake, ambayo boriti zake zimekwisha kuliwa. Hakuna aliyekuwa akimdhulumu mtu. Ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, huulizwa juu ya kuta na roshani. Mwasumini si jengo, na sioni ni ofisi gani ingeuandikia barua.

Nilimwuliza bibi mwenyewe kama anaumia. Alisema mti umefanya kazi yake na yeye amefanya yake. Kisha akanyamaza, akasema kwamba linalomsumbua ni jambo moja: wajukuu zake wa kike hununua manukato ya chupa, na hakuna hata mmoja ajuaye kutunga koja bila ya kuvunja vitumba. Mjukuu mmoja alikuwa ameketi pale pale na simu yake. Hakujibu, lakini kesho yake alasiri nilipopita alikuwa na sindano mkononi na bibi alikuwa anamwonyesha pa kupitishia uzi, chini kidogo ya kikombe, si katikati ya kitumba, kwa sababu katikati hupasuka.

Siku hiyo tulikata vikonyo kumi na wanane, mimi, yule mjukuu na mpwa wa jirani aliyeshika mkasi. Tuligawa. Vitatu vilikwenda Kuze, kwenye mtaa uleule ambao mama wa bibi alikaa, ingawa si nyumba ileile. Vinne vilivuka hadi Likoni katika mfuko wa plastiki wenye maji. Viwili nilichukua mimi. Vilivyobaki viliwekwa katika makopo ya maziwa kwenye sakafu ya juu ya nyumba hiyohiyo, ambako jua ni la siku nzima na hakuna anayetaka kujenga kwa sasa. Wa Likoni wamenipigia simu: vitatu vimeota, kimoja kimekauka. Changu kimoja kimetoa majani manne mapya, mawili yakiwa na manjano kidogo, nami nimekibadilishia udongo. Mafundi wanatarajiwa baada ya Idi. Yule mjukuu hupanda ghorofani kila baada ya Swala ya Alasiri na kikombe cha maji ya mvua, na bibi, asiyeweza tena kupanda ngazi, humwuliza akishuka ni vingapi vimeshika.